Fundi wa Vitumbua: jinsi ya kuandika riwaya nyepesi ya maajabu ya kila siku

Mswada wangu wa kwanza wa riwaya ya aina hii uliishia sura ya pili, na aliyeusimamisha ni shangazi yangu. Nilikuwa namsomea jioni barazani, naye anachambua mchele. Mhusika wangu alikuwa mzee mpole anayetengeneza miavuli, na miavuli yake ilikuwa inajua saa ya mvua. Nilimwita mchawi. Shangazi akaweka ungo chini. "Mwanangu, huyo mchawi wako amemla nani?" Nikamwambia hajamla mtu, anatengeneza miavuli tu. "Basi huyo si mchawi. Mtafutie jina lake."

Tangu siku hiyo kila riwaya naianzia hapo, na ndipo ninapotaka na wewe uanzie.

Hatua ya 1: Tafuta jina la mhusika kabla ya kisa

Kiswahili hakina neno moja la mtu mwenye nguvu za ajabu linaloweza kubebeshwa mema na mabaya kwa pamoja. Mchawi anadhuru, hiyo ndiyo maana yake, na msomaji akiliona neno anasubiri maiti. Mwanga anakuja usiku. Mganga anatibu, lakini ana kilinge, wateja na malipo, kwa hiyo ukimchagua umejifunga kuandika kuhusu maradhi na mashaka ya watu. Mnajimu anasoma nyota, mpiga ramli anasoma bao. Mazingaombwe ni yale ya shuleni: wengi wetu tunamkumbuka yule bwana aliyekuja na sanduku lake, tukachangishwa hela kidogo, akageuza karatasi kuwa noti mbele ya macho yetu. Hayo ni kiinimacho, na watoto wa mbele walijua kuwa kuna kitu mkononi.

Mimi nimekaa na neno *fundi*. Pwani, fundi ni wa cherehani, wa saa, wa baiskeli, na pia ni anayeongoza ngoma ya pepo. Neno lenyewe limeshaziweka kazi hizo kwenye benchi moja, na riwaya nyepesi inahitaji hasa benchi hilo. Ukisema "Bi Mwanaidi ni fundi", msomaji anauliza "fundi wa nini?" Swali hilo ndilo mlango wa kitabu.

Jambo hili lina uzito kuliko mtindo. Kenya imekuwa na sheria ya uchawi tangu 1925, Tanganyika tangu 1928, na Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni miaka hamsini. Ukiandika bibi kizee mwenye macho mekundu ili msomaji acheke kwa hofu, umeongeza kuni kwenye moto ambao kuna familia zinauguza majeraha yake. Vivyo hivyo usichukue njia ya mkato ya kutaja Sumbawanga au Pemba ili msomaji aelewe haraka kwamba hapa pana mambo. Wa Sumbawanga watakwambia kwamba jina la mji wao maana yake ni kuutupa uchawi. Na vitu ambavyo kwa watu ni ibada, kama kombe la zafarani au dua ya mzee, viache mahali pake. Tunga maajabu yako mwenyewe. Nafasi ipo tele.

Hatua ya 2: Mpe kazi ya mikono, na wewe uijue kazi hiyo

Bi Mwanaidi, mhusika wangu, anauza vitumbua Ngamiani, Tanga, kule ambako barabara zinaitwa kwa namba. Kabla sijaandika neno moja la ajabu, nilipika vitumbua mara nne. Mchele unalowekwa usiku kucha. Asubuhi unasagwa na tui la nazi, unatiwa iliki, sukari na hamira, kisha unafunikwa uumuke. Chuma kinawekwa juu ya mkaa, kila kishimo kinatiwa mafuta kidogo, unga unamiminwa, na ukisubiri zaidi ya inavyotakiwa upande wa chini unaungua na wa juu bado uji.

Sasa angalia kazi hiyo na utafute mahali ambapo tayari kuna ajabu. Kwenye vitumbua ni pale unga unapoumuka: umeuacha nusu bakuli, umerudi umejaa. Hapo ndipo nilipoweka ufundi wa Bi Mwanaidi. Anafunua kitambaa, anainama, anatamka jina la mtu juu ya unga, anafunika tena. Mwenye jina akila, anajikuta anasema jambo alilokuwa analificha.

Usiweke ajabu mahali ambapo kazi haina pumzi. Nikiwa najaribu, niliweka kwenye kugeuza kitumbua, na ukurasa ukawa na haraka tupu: mafuta yanachemka, mteja anasubiri, hakuna nafasi ya jambo lolote kutokea.

Hatua ya 3: Kanuni tatu kwenye karatasi moja, na bei chini yake

Andika kwa mkono, bandika ukutani. Zangu zilikuwa hizi. Jina litamkwe juu ya unga ulioumuka; likitamkwa mapema, unga unalila nusu. Linafanya kazi kwa kitumbua cha kwanza cha chuma cha kwanza, basi. Lililofanyika kabla ya wakati linakwisha unga ukishaumuka wote.

Halafu bei. Kila anapotumia ufundi, Bi Mwanaidi anapoteza ladha ya sukari kwa siku tatu. Hafi, haugui, hamuuzi mtu. Ila ni muuza vitumbua asiyejua sukari imezidi au imepungua, na mteja wa alfajiri hana subira. Bei nzuri ni ile inayorudi kwenye kazi ya fundi mwenyewe. Ukimtoza damu au roho, umeandika kitabu kingine, na kitabu hicho si chepesi tena.

Kuhusu kanuni, mwalimu wangu ni Abunuwasi. Wengi tunaijua hadithi ya sufuria: aliazima sufuria kwa jirani, akairudisha na nyingine ndogo ndani yake, akasema imezaa. Jirani akapokea zote mbili kwa furaha. Mara ya pili Abunuwasi akaja mikono mitupu: sufuria imekufa. Jirani alipobisha, akaulizwa ni sufuria gani inayozaa isiyokufa. Hakuna jini hata mmoja ndani ya hadithi hiyo, lakini ina kanuni iliyonyooka kuliko riwaya nyingi zenye majini mia. Msomaji wako ameshakubali kwamba sufuria inazaa. Ikifika zamu ya kufa, usimkwepe.

Hatua ya 4: Shida iwe ya mtaa mmoja

Dunia isiangamie. Katika kisa changu, ngazi ya mtaa imepotea tangu mwaka jana. Ni ngazi ya mbao, ndefu, waliyochangia watu wote, na masika yanakuja huku mapaa yanavuja. Kila mtu anashuku mwenzake. Hiyo inatosha riwaya nzima, kwa sababu ngazi moja inagusa nyumba zote.

Ukitaka kuona jinsi ajabu kubwa linavyoweza kuingia kwa mlango mdogo, soma ngano ya Sultani Darai, iliyochapishwa London mwaka 1870 katika mkusanyo wa Edward Steere wa hadithi za Zanzibar. Maskini anayepekua jaani kutafuta punje za mtama anaokota thumuni, sarafu ndogo, na kwa thumuni hiyo ananunua mnyama, paa. Paa anakuja kusema na kumtajirisha. Lakini kabla ya paa kufungua kinywa tumeshaliona jaa, tumeshasikia watu wanavyomdharau mnunuzi, na tunajua bei. Thumuni ndiyo inayotufanya tumwamini paa.

Hatua ya 5: Acha sarufi ifanye maajabu

Hapa ndipo penye utamu wote, na hapa ndipo waandishi wengi wanapopita mbio. Tumezoea kusoma maajabu ya lugha nyingine, kwa hiyo tukiandika tunatafuta fimbo zinazotoa cheche na maneno ya Kilatini. Sisi tuna ngeli.

Nikuoneshe. Mjukuu wa Bi Mwanaidi, Shabani, anataka kumsaidia bibi yake kujua ngazi iko wapi. Anamshuku mwenyekiti wa mtaa. Alfajiri, bibi akiwa anaswali, anafunua bakuli na kutamka: "Mwenyekiti." Unga bado haujaumuka. Unalila neno nusu. Unakula *mwenye*.

Kinabaki kiti.

Mwenyekiti anapouma kitumbua cha kwanza, hapo barazani panakuwa na kiti cha mninga, miguu minne, na kofia juu yake. Sikutunga ajabu hilo. Nililikuta limelala ndani ya neno. Yako mengi namna hiyo. Chukua daftari, andika maneno ya vyeo na kazi, ukate silabi moja moja uone kinachobaki.

Halafu tazama upatanisho. Kiti cha kawaida kinasema hivi:

*Kiti kimeanguka.*

Lakini kile cha Bi Mwanaidi kinasema hivi:

*Kiti amenuna.*

Kiambishi kimoja kimebadilika, na msomaji amejua kuna mtu ndani. Hakuna haja ya kueleza kwamba roho ya mwenyekiti ilikuwa bado hai katika mbao. Tumeshazoea kipofu *amefika*, kijana *ameondoka*, kiboko *amelala*. Sikio letu linajua kwamba chenye uhai kinachukua *a-* hata kikivaa *ki-*. Mwandishi akimpa kiti *a-*, amempa pumzi. Katika sura hiyo nilimfanya kila jirani achague: wanaojua siri wanasema "yule kiti", wasiojua wanasema "kile kiti". Mteja mgeni anafika, anasema "Naomba nikalie hicho," na baraza zima linaruka: "Huyo hakaliwi!" Wasomaji wanacheka, na kinachowachekesha ni herufi mbili tatu ambazo katika lugha isiyo na ngeli zisingefanya kazi yoyote.

Ndiyo maana naandika maajabu kwa Kiswahili. Yapo ambayo lugha hii peke yake inaweza kuyatenda.

Pamoja na ngeli, tumia tanakali za sauti badala ya vivumishi vya mshangao. Kufuta "ghafla kwa namna ya kustaajabisha" na kuandika "pu!" ni faida tupu. Giza liwe totoro, kimya kiwe jii, unga ujae pomoni.

Hatua ya 6: Majirani waamkiane kama kawaida

Ajabu likitokea, adabu isikatike. Shabani akimkuta mwenyekiti kawa kiti, jambo la kwanza linalomtoka ni "Shikamoo," kwa sababu mtu mzima ni mtu mzima hata akiwa na miguu minne. Kiti akilia kidogo kwenye maungio, wote wanaelewa kuwa ameitikia marahaba. Nilipoandika mistari hiyo miwili ndipo nilipojua kitabu kimepata sauti yake. Usiwafanye watu wapige kelele na kukimbia. Wafanye waulizane nani ameshapelekewa taarifa nyumbani kwa mwenyekiti, na mkewe ataambiwa nini.

Hatua ya 7: Urefu na saa

Riwaya nyepesi isimchoshe mtu. Napanga sura 24, kila moja maneno 2,000 hivi, jumla 48,000. Naandika alfajiri, sura moja kwa siku tatu. Kila sura ina kitu kimoja kinachopikwa, kinachoshonwa au kinachorekebishwa mwanzo hadi mwisho.

Tatizo la sura likwamuliwe na kanuni zako mwenyewe. Kwa kuwa ajabu linakwisha unga ukishaumuka, na siku hiyo ni masika, baridi imeingia na hamira imezubaa, kazi ya mtaa mzima inakuwa kuupasha moto ule unga: huyu analeta blanketi, yule anasogeza jiko, mwingine anauweka juani kila wingu linapopisha. Na muda wote huo kiti asikaliwe. Sikuhitaji adui. Nilihitaji mvua tu.

Hatua ya 8: Soma kwa sauti kwa mtu mzima

Mtafute mtu aliyekulia kwenye "Hadithi! Hadithi!" na "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea". Msomee bila kueleza chochote. Kalamu mkononi. Akikukatiza, weka alama pale pale, hata kama unadhani amekosea. Usimuulize kama amependa. Shangazi yangu atasema amependa kila kitu kwa sababu ananipenda mimi. Sikiliza anauliza nini.

Nilimsomea sura ya kiti jioni moja, pale pale barazani. Alicheka "Huyo hakaliwi" mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Neno fundi hakuligusa. Nikamaliza: unga umeumuka, mwenyekiti amerudi kuwa mtu, kofia imenyooshwa, watu wanatawanyika. Nikafunga daftari.

Shangazi akanitazama. "Na ngazi?"

Nikalifungua tena.