Kugeuza seli za uboho kuwa seli za neva bila kugusa jeni: hatua kwa hatua, pamoja na mtego wake

Mara ya kwanza nilipofanya kazi hii nilishangilia mapema. Mchana niliziwekea dawa seli shina za uboho, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa aina nyingine, na kabla ya magharibi zilikuwa zimejikunja na kutoa mikia mirefu, myembamba, sura ileile ya neva tunazochorewa vitabuni. Nikapiga picha. Mwenzangu wa maabara, mtu asiye na papara, akaniambia: toa dawa, rudisha seramu (majimaji ya damu yanayolisha seli), halafu nenda ukalale. Asubuhi seli zote zilikuwa bapa kama jana yake. Zilikuwa zimesinyaa kwa mateso tu.

Mtego huu umewanasa wakubwa pia. Mwaka 2000 kundi la Dale Woodbury na Ira Black, huko New Jersey, lilieleza jinsi seli za uboho za panya na za binadamu zilivyochukua sura ya neva ndani ya saa chache, kwa kutumia kemikali kama beta-merkaptoethanoli. Mwaka 2004 Paul Lu na Mark Tuszynski, California, wakaonyesha kwamba hata sabuni au chumvi nyingi huleta sura hiyohiyo. Kwa hiyo njia ninayoitumia sasa ni ya polepole, ya wiki tano hivi. Haina virusi wala jeni ya kuingiza, tofauti na jeni nne alizotumia mtafiti wa Japani, Yamanaka, mwaka 2006 kuzirudisha seli za kawaida za panya kwenye hali ya seli shina. Tunabadilisha chakula cha seli na kitanda chake, basi.

Hatua ya 1: Pata mbegu safi. Tumia seli zenye kibali cha maadili na ridhaa ya mtoaji, ambazo hazijagawanywa zaidi ya mara tatu au nne. Yeyusha kichupa cha seli zilizogandishwa kwenye maji ya nyuzi 37 hadi kibaki kipande kidogo tu cha barafu, kisha ongeza midia, yaani majimaji ya chakula cha seli, tone kwa tone. DMSO, kemikali iliyotumika kugandishia, huziumiza seli zikishapata joto, kwa hiyo usianze kutafuta pipeti wakati huo. Zungusha kwenye sentrifuji kwa dakika 5 kwa nguvu ya 300 g (mara 300 ya mvutano wa dunia), mwaga maji ya juu, panda seli 5,000 kwa kila sentimita ya mraba.

Hatua ya 2: Kuza. Midia ya DMEM yenye seramu asilimia 10, nyuzi 37, kaboni dioksidi asilimia 5. Badilisha midia kila baada ya siku tatu. Zikifunika asilimia 70 hadi 80 ya chupa, zigawe, usizisubiri zijazane. Weka akiba kidogo upime alama za juu ya seli, yaani protini za kuzitambulisha: CD73, CD90 na CD105 ziwepo, CD34 na CD45 zisiwepo.

Hatua ya 3: Tengeneza matonge. Bandua seli kwa tripsini, kimeng'enya cha kuzibandua, zihamishie kwenye sahani ambayo seli hazigandi, kama laki moja kwa mililita. Midia sasa ni DMEM/F12 isiyo na seramu, yenye B27 (kirutubisho cha seli za neva), pamoja na vichocheo vya ukuaji EGF na bFGF, nanogramu 20 kwa mililita kila kimoja. Zitaelea na kushikana kuwa matonge madogo. Zipe siku 7 hadi 10, ukibadilisha nusu tu ya midia kila mara. Tonge likiwa na kiini cheusi limekuwa kubwa mno na seli za ndani zinakufa. Livunje taratibu kwa pipeti.

Hatua ya 4: Tandika kitanda. Paka vioo poli-D-lisini, kisha lamini, vitu viwili vinavyozisaidia seli kushika. Kati ya hizo mbili osha kwa maji safi mara tatu, tena uoshe kwelikweli: lisini iliyobaki huua seli, nawe utabaki ukilaumu midia.

Hatua ya 5: Ongoza. Pandisha matonge kwenye vioo. Ondoa EGF na bFGF, weka Neurobasal (midia ya seli za neva) yenye B27, asidi ya retinoiki mikromola 0.5 hadi 1, na BDNF, protini inayokuza neva, nanogramu 20 kwa mililita. Asidi hiyo haipendi mwanga; ifunike kwa karatasi ya foili. Endelea kwa wiki mbili hadi tatu.

Hatua ya 6: Jihukumu. Hapa ndipo watu wengi huruka, na hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Tangu siku ya kwanza uwe na sahani mbili za kulinganishia: moja isiyopewa BDNF wala asidi, nyingine iliyomwagiwa chumvi nyingi makusudi. Piga picha mfululizo kwa hadubini. Neva huchipuza mkia kwenda mbele, ilhali seli inayoteswa hurudisha mwili nyuma na kuacha nyuzi zilizonasa chini. Ukisimamisha picha moja tu hutaona tofauti hiyo.

Kisha tumia kingamwili zenye rangi, zinazong'ang'ania protini unayoitafuta. Usiridhike na protini za nestini wala tubulini ya beta III, kwa sababu seli za uboho huweza kuzionyesha kabla hujazigusa. Tia rangi sahani ya siku ya sifuri pia, yaani ya seli ambazo hujaanza kuzigeuza. MAP2, protini ya neva, ina uzito zaidi, na GFAP itakuonyesha kama zimeelekea upande wa astrosaiti, seli za ubongo zinazosaidia neva. Hata hivyo protini ni vazi. Ukimvalisha mtu kanzu, shehe bado hujampata.

Ushahidi ninaouamini ni umeme. Kwa sindano ya kioo, tafuta mipigo inayojirudia, halafu weka tetrodotoksini, ile sumu ya samaki bunju, uone kama inaizima. Pima na za siku ya sifuri, maana baadhi ya seli shina za uboho za binadamu huwa na mkondo wa sodiamu tangu mwanzo; mpigo kamili ndio unaoutafuta. Nyingi hazitapiga. Andika hivyo kwenye daftari, na usikubali yeyote azichome kwa mgonjwa.

Mwisho, fanya lile jaribio la mwenzangu: ondoa dawa zote kwenye sahani moja, rudisha seramu, subiri saa 48, kisha hesabu zilizobaki na mikia.