Sindano za kufumia zimo kwenye ufagio

Sindano zako za kufuma zikipotea hapa Lamu, usingoje boti ya Mokowe, kule bara. Chomoa chelewa (vijiti vya ukuti wa mnazi) mbili nene kwenye ufagio (mpya tafadhali, si ule wa uani). Kata upande wa shinani, kiasi cha shubiri moja. Kuelekea nchani chelewa huwa nyembamba na vitanzi havitalingana. Ncha moja ichonge iwe butu kidogo, piga msasa mpaka uzi upite bila kunasa, kisha paka tone la mafuta ya nazi na uyafute vizuri, la sivyo uzi mweupe utaingia doa. Ncha ya pili funga fundo la uzi, vitanzi visichomoke. Chelewa hupinda, kwa hiyo fuma vitu vyembamba: mkanda, kofia ya mwanasesere. Sweta hapana. Na kwa joto hili, sweta ya nini?