Kuomba udhamini bila kuuza jukwaa

Barua inayoanza "tunaomba mchango" meneja wa tawi la benki ataiweka kwenye fungu la harusi na mashindano ya mpira. Mimi ndiye mshika fedha wa kikundi chetu cha wachora ramani wa OpenStreetMap, ramani huria ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, hapa Kigoma, na barua zangu za kuomba udhamini wa mkutano wetu zina ukurasa mmoja tu: nani watakuja, watafanya nini, kampuni inalipia nini.

Hilo la tatu ndilo lenye kazi. Mambo ya mdhamini wa dhahabu, fedha na shaba waachie wa Dar es Salaam. Andika vitu na bei zake: ukumbi, intaneti, chakula cha mchana, nauli za vijana wa Kasulu na Kibondo. Nauli ndiyo huwavutia haraka. Hata FOSS4G, mkutano wa kimataifa wa programu huria za ramani, ulipofanyika Dar es Salaam mwaka 2018 ulikuwa na mfuko wa nauli. Na meneja atapata la kuripoti makao makuu: "tumewaleta vijana wa Kibondo".

Muulize pia kiasi anachoweza kuidhinisha mwenyewe. Kinachozidi hapo kitapandishwa Dar es Salaam, na mwaka wa fedha wa benki huishia Desemba, kwa hiyo barua ya mkutano wa mwakani ifike kabla bajeti haijafungwa.

Viwili haviuzwi. Kwanza, mada: zinachaguliwa na kamati. Mdhamini mpe dakika tano kabla ya chakula, na ratiba iseme wazi kuwa huo ni muda wake. Fundi wao akiwa na mada nzuri, ailete kwa kamati kama wengine. Pili, namba za simu za washiriki. Wataziomba, tena kwa upole sana. Wajibu kwamba kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, kisha wape meza karibu na chai. Atakayetaka kuacha namba ataiacha mwenyewe. FOSDEM, mkutano wa programu huria wa Brussels, haisajili washiriki wala haitozi kiingilio, na wadhamini inao.

Fedha isipite kwenye akaunti ya mtu. Kama kikundi hakijasajiliwa, tafuteni chuo au asasi yenye TIN (namba ya mlipakodi) iwapokelee, na uliza mapema kama watakata kodi ya zuio. Mimi napendelea kampuni imlipe mwenye ukumbi moja kwa moja, maana malipo yao hupenda kufika mkutano umeshakwisha. Tatizo ni chakula: wanataka risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na mama anayetupikia migebuka hana mashine. Hela ya mdhamini lipia ukumbi, mama mlipe kwa kiingilio. Migebuka yake siiachi kwa sababu ya karatasi.

Ndani ya wiki moja peleka risiti, maeneo mliyochora (mwalo wa Kibirizi, kwa mfano) na picha inayoonyesha bango lao. Picha itume kwa barua pepe. WhatsApp huipunguza ubora, na meneja ataihitaji kwenye ripoti yake.