Kompyuta inayoganda wakati wa kuwaka: tazama kwanza inapokwama

Kompyuta ya mezani inayoganda kabla ya kukufikisha kwenye kazi yako ina mahali panne pa kukwama. Inaweza kukwama kabla nembo ya kampuni haijatokea, kwenye nembo yenyewe, kwenye vidoti vinavyozunguka vya Windows, au muda mfupi baada ya kuweka nywila. Kila mahali pana wahusika wake. Kwa hiyo kabla ya kushika bisibisi, iwashe mara mbili, kaa mbele yake, na uandike kwenye karatasi: imekwama wapi, sekunde ngapi baada ya kubonyeza swichi, na taa ya diski inaendelea kumetameta au imetulia. Bonyeza pia kitufe cha Caps Lock. Kitaa chake kikiwaka na kuzimika unapobonyeza, mashine haijaganda kabisa, ila kuna kitu inakisubiri. Kisipobadilika, imeganda kweli.

Hapa Mwanza dawa inayotolewa haraka kwa ugonjwa huu ni kupiga Windows upya, yaani kuifuta na kuisakinisha mpya. Dawa hiyo inafaa pale tu Windows yenyewe ilipoharibika. Kama ramu (RAM, kumbukumbu ya muda ya mashine) ni mbovu, utapiga Windows na kesho itaganda tena. Kama diski inakufa, kupiga Windows ndiyo njia ya uhakika ya kupoteza picha za familia na hesabu za duka. Usikubali mtu afomati chochote kabla diski haijapimwa.

Jaribio moja linalogawa tatizo katikati

Zima mashine. Chomoa kila kitu kilichochomekwa: flashi, printa, modemu, diski ya nje, waya wa simu. Bakiza kioo, kibodi na mausi tu. Chomoa waya wa umeme ukutani, shikilia swichi ya kuwashia kwa sekunde 20 ili umeme uliobaki ndani uishe, kisha rudisha waya. Kuna mashine zinapona hapo hapo, hasa iliyokuwa na flashi iliyosahaulika nyuma ikawa inajaribu kuwaka kupitia flashi hiyo.

Ikiwa bado inaganda, ingia kwenye bayosi (BIOS), ukurasa wa mipangilio ya mashine unaofunguka kabla ya Windows. Kwa Dell gonga F2 mara tu unapowasha, kwa HP gonga F10, kwa Lenovo za ofisini gonga F1. Ukishaingia usibadilishe chochote. Iache hapo dakika 15, ukisogeza mishale ya kibodi mara kwa mara. Bayosi haitumii Windows hata kidogo. Kama mashine inaganda ikiwa humo, Windows haina kosa, na unatafuta umeme, joto, ramu au mazabodi (bodi kuu inayounganisha vifaa vyote ndani). Kama inakaa vizuri dakika zote 15, mshukiwa mkuu ni diski, na wa pili ni Windows. Jaribio hili halina gharama, na linaokoa safari nyingi za kwenda mjini na kasha la kompyuta mgongoni mwa bodaboda.

Umeme

Umeme wetu ni volti 230. Pima soketi kwa mita ya kupimia volti saa 2 usiku, wakati nyumba zote zimewasha taa, pasi na majiko, kwa sababu kipimo cha mchana hakikuonyeshi shida ya usiku. Pawa saplai (kisanduku ndani ya kasha kinachoigawia mashine umeme) za sasa zilizoandikwa 100–240V huvumilia umeme mdogo. Za zamani zenye kiswichi chekundu cha 115/230 nyuma hazivumilii hivyo, na ndizo zinazoganda jioni na kuwaka vizuri asubuhi. Kiswichi hicho kiache kwenye 230. Kikiwekwa 115 kwa umeme wetu, pawa saplai inaungua papo hapo.

Tazama ekstensheni. Soketi iliyolegea, yenye alama ya kuungua au inayotoa cheche unapochomeka, inatosha kuleta kuganda kusikoeleweka. Jaribu mashine moja kwa moja ukutani.

Ukigusa kasha kwa kiganja na kuhisi umeme mwepesi unakuchoma, nyumba haina ethi (waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja) inayofanya kazi. Kwenye vilima vya mawe, kama Igogo na Mabatini, fimbo ya ethi hugonga mwamba kabla haijafika chini vya kutosha, na wapo wanaoikata na kuiacha juu juu. Hilo ni la fundi umeme, na ni la usalama wa watu kabla ya kuwa la kompyuta.

Mwenye mita anaweza kupima pawa saplai yenyewe mashine ikiwa imewashwa, kwenye plagi ya pini 4 ya diski za zamani: waya wa njano na mweusi usome kati ya volti 11.4 na 12.6, mwekundu na mweusi kati ya 4.75 na 5.25. Namba ikiwa nje ya hapo, au ikishuka sekunde ile ile mashine inapoganda, badilisha pawa saplai. Usiifungue: kapasita zake (vifaa vidogo vya kuhifadhi umeme, vyenye umbo la kopo) hubaki na umeme wa kuua hata baada ya kuchomolewa. Na usinunue nyingine kwa kukisia. Mashine nyingi ndogo za Dell na HP zinazokuja za mtumba zina pawa saplai ya umbo na plagi zake zenyewe, haziingiliani na za kawaida. Beba ya zamani dukani uilinganishe.

Ndani ya kasha: wadudu, vumbi na pesti iliyokauka

Chomoa umeme, gusa chuma tupu cha kasha ili umwage umeme tuli wa mwili wako, kisha fungua ubavu.

Kwa wanaokaa karibu na maji, kuanzia Kirumba hadi Igombe na visiwani Ukerewe, angalia kwanza kati ya feni ya prosesa (kifaa kinachofanya hesabu zote za mashine) na hitisinki (chuma chenye mapezi kinachoipooza). Vile vijidudu vya ziwani, vinavyopanda kama moshi juu ya maji na usiku kujaa kwenye taa, huvutwa na feni, hufia kwenye mapezi ya hitisinki, na vikichanganyika na vumbi na unyevu hugeuka tabaka jeusi linalonata. Kwa juu utaona feni inazunguka vizuri na kudhani ni salama. Fungua feni uitoe, ndipo utaona mapezi yameziba. Hewa haipiti, prosesa inapanda joto, na mashine inaganda dakika chache baada ya kuwaka au inajizima yenyewe. Dalili yake ni kwamba ikiwa baridi inawaka vizuri, lakini ukiizima na kuiwasha tena mara moja inaganda mapema zaidi.

Shika panga za feni kwa kidole zisizunguke, kisha safisha kwa brashi laini kavu na upepo wa blowa ndogo. Feni ikizungushwa kwa nguvu na upepo, beringi zake huharibika. Tabaka linalonata litolewe kwa kijiti cha masikio kilichochovywa kwenye spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Maji na mafuta ya taa visikaribie.

Ukishaitoa hitisinki, pesti ya zamani (krimu inayopitisha joto kutoka prosesa kwenda hitisinki) lazima ifutwe yote, pande zote mbili, kwa spiriti hiyo hiyo. Weka mpya kiasi cha punje moja ya njegere katikati ya prosesa, rudisha hitisinki na ukaze skrubu kwa mshazari, kidogo kidogo. Pesti nyingi haipoozi zaidi, inamwagika tu pembeni. Bayosi nyingi zina ukurasa wa joto: mashine ikitulia kati ya nyuzi 40 na 60 ni sawa. Ikizidi kupanda hadi 90, hitisinki haijakaa vizuri au feni ni mbovu.

Kwa kuzuia, usiku wa vijidudu zima taa iliyo karibu na kompyuta, funga dirisha la upande wa ziwa, na usiweke kasha sakafuni. Waliopo kando ya ziwa wafungue na kusafisha kila baada ya miezi 3. Mwaka mzima ni mrefu mno.

Kapasita zilizovimba juu, au zilizotoa ute wa kahawia kwenye mazabodi, zinamaanisha mazabodi imefika mwisho. Unaweza kuacha kutafuta.

Ramu

Mashine isiyofika kwenye nembo, inayolia milio au kumetametesha taa ya swichi, hesabu milio hiyo. Kwenye HP Compaq za zamani, mimweko 5 myekundu ni ramu. Unyevu wa ziwa huacha utando kwenye miguu ya dhahabu ya ramu, na mara nyingi dawa ni kuitoa, kuisugua kwa raba nyeupe ya penseli, kupangusa vumbi la raba, na kuirudisha mpaka vishikizo vya pande zote mbili vilie "tak". Ikiwa ni mbili, jaribu moja moja kwenye tundu la kwanza. Moja ikiwaka na nyingine ikiganda, umempata mhusika. Kumbuka DDR3 na DDR4 haziingiliani, pengo lake liko sehemu tofauti. Ramu ikigoma kuingia, usiilazimishe.

Ramu inayoganda siku moja na kupona siku nyingine ipimwe kwa Memtest86+ kutoka kwenye flashi. Iache imalize angalau raundi nzima. Kosa moja tu linatosha kuihukumu.

Betri ya bayosi

Saa ikirudi miaka ya nyuma kila umeme ukikatika, betri ya CR2032 imekwisha. Mpya ni volti 3, ikishuka chini ya 2.7 itupe. Watu huidharau kwa kuwa huhusishwa na saa tu, lakini ikiisha, mipangilio yote ya bayosi hurudi ya kiwandani, pamoja na namna ya kusoma diski. Dell nyingi hurudi kwenye "RAID On". Kama Windows iliwekwa kwa AHCI, namna nyingine ya kusoma diski, itakwama kwenye vidoti au kutoa kioo cha bluu chenye maneno INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Badilisha betri, rudisha AHCI, na mashine itawaka bila kupiga chochote. Ikiwa Windows ilifungwa kwa BitLocker (kufuli la Windows la kulinda data za diski), inaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48, unaopatikana kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine. Uwe nao kabla ya kugusa bayosi.

Diski

Inapokwama kwenye nembo, zima, chomoa umeme, kisha chomoa waya wa data wa diski, ule mwembamba bapa. Washa. Ikipita nembo haraka na kusema haioni diski ya kuwakia, mhusika ni diski au waya wake. Waya huo wa SATA ni rahisi, badilisha huo kwanza na ujaribu tundu jingine kwenye mazabodi.

Hard disk, diski ya kawaida inayozunguka, inayogonga "tik, tik" au kuanza na kusimama inakufa. Kazi ya kwanza ni kuokoa faili. Kwenye kompyuta nyingine tengeneza flashi ya Ubuntu, GB 8 inatosha, washa mashine kupitia F12 kwa Dell na Lenovo au F9 kwa HP, chagua kujaribu bila kusakinisha, na unakili mafaili kwenda diski ya nje. Anza na yasiyo na nakala kokote. Kisha fungua programu ya Disks na usome SMART, taarifa ya afya ya diski: sekta (vipande vidogo vya diski) zilizohamishwa na zinazosubiri kuhamishwa zikiwa zaidi ya sifuri na zinaongezeka, hiyo diski haiaminiki tena hata ikiwaka leo. Weka SSD, diski isiyo na sehemu zinazozunguka, ya GB 240 au zaidi. Kwa kompyuta ya mtumba yenye hard disk, hakuna badiliko jingine linaloharakisha kuwaka kiasi hicho.

Usianze na chkdsk /r kwa diski inayogonga. Amri hiyo husoma kila sekta, na inaweza kuimaliza kabla hujanakili chochote.

Windows yenyewe

Diski ikipimwa na kukutwa nzima, ndipo iwe zamu ya Windows. Vidoti vinapozunguka, shikilia swichi mpaka izime. Rudia hivyo, na kwa kawaida baada ya mara 2 au 3 itafungua ukurasa wa matengenezo. Pita Troubleshoot, kisha Advanced options. Jaribu Startup Repair kwanza. Ikishindwa na tatizo lilianza baada ya masasisho, chagua Uninstall Updates. Kama haikusaidia, ingia Startup Settings, na baada ya kuwaka upya bonyeza 4 kwa Safe Mode. Ikiwaka humo, kuna draiva au programu inayoigandisha. Toa uliyoweka mwisho, na kwenye Task Manager zima vinavyoanza vyenyewe, nusu kwa nusu, mpaka umpate mhusika. Antivirusi mbili kwenye mashine moja hugombana, toa moja.

Kwenye Command Prompt ya ukurasa ule wa matengenezo, amri ni chkdsk C: /f halafu sfc /scannow /offbootdir=C:\ /offwindir=C:\Windows. Herufi ya diski inaweza kubadilika humo, hivyo andika kwanza dir C: uone kama folda ya Windows ipo. Usianze wakati umeme unakatika-katika, maana kukatika katikati ya chkdsk kunaweza kuharibu zaidi.

Inayoganda ukiiwasha asubuhi tu, lakini uki-restart inakubali, zima Fast Startup kwenye mipangilio ya umeme. Na ukilazimika kupiga Windows, usirudi kwenye Windows 10: msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025.

Ukimpelekea fundi, mpe karatasi yako: ilipokwama, sekunde, milio, volti ulizopima, ulichokwisha kubadilisha. Mwombe kifaa cha zamani akurudishie, na kama tatizo si diski, toa diski yako ubaki nayo nyumbani.