Umeiongezea gari nguvu? Chagua klachi hivi

Haya, ushafunga tabo kubwa, fundi kakupigia rimapu (kabadilisha programu ya kompyuta ya injini), unatoka barabarani unakanyaga mafuta gia ya nne, mshale wa RPM unakimbia juu lakini spidi iko palepale. Hapo ndo klachi ya kiwandani inakuwa imeshindwa, inateleza. Ile ilitengenezwa ibebe nguvu ya kiwandani na akiba kidogo tu juu yake.

Kabla hujatoa hela hakikisha kwanza. Tembea gia ya juu RPM 2000 hivi, kanyaga mafuta mpaka chini, kama RPM zinaruka na gari haifati basi inateleza kweli. Ila chungulia pia kama sili ya nyuma ya krenki (shafti kuu ya injini) haivujishi oili, maana pleti, ile sahani ya klachi inayosuguana, ikishalowa oili hata ufunge ya lori itateleza tu.

Sasa, watu wengi wanaulizia klachi kwa hosipawa. Klachi haijui hosipawa, inajua torki, yaani nguvu ya kuzungusha, inapimwa kwa Nm. Chukua gari mbili, zote zina hosipawa 300, moja inazitoa kwenye RPM 7500 na nyingine ya tabo inazitoa kwenye 5000. Kwenye hizo RPM ya kwanza inazungusha kama Nm 285, ya pili Nm 427! Hosipawa zilezile ila klachi tofauti kabisa. Kwa hiyo nenda kapime dyno, ile mashine ya kupima nguvu ya gari, chukua kilele cha torki, halafu uliza kama ni namba ya kwenye magurudumu au kwenye krenki, kwa sababu ya magurudumu inakuja pungufu, gia boksi na difu zishakula chao, na klachi inakaa kabla ya hizo so yenyewe inabeba ile namba kubwa. Juu ya hapo weka akiba ya asilimia 20 mpaka 30, basi inatosha. Na usidanganyike na neno steji wanaloandika wauzaji kupanga ukubwa wa klachi, steji 3 ya kampuni hii inaweza kuwa steji 1 ya ile, hakuna kipimo cha pamoja, soma Nm zilizoandikwa.

Kwa nini nasema akiba 30 inatosha, si bora nichukue inayobeba mara mbili nikae kwa amani? Mimi niliingia huo mkenge. Nilifunga pleti ya seramiki yenye vipande vinne vya kusuguana badala ya duara zima, haina springi katikati, kwenye gari ya kwenda nayo kazini kila siku. Siku ya kwanza foleni ya kupanda kilima, nikiachia klachi taratibu gari inatetemeka mpaka kioo cha kuangalia nyuma kinacheza, nikiachia haraka inaruka kama chura inataka kumparamia wa mbele. Wiki ya tatu goti la kushoto linauma. Nilipokuja kuishusha, flaiwili (lile gurudumu zito la nyuma ya injini ambalo pleti inasuguana nalo) ilikuwa na madoa ya bluu ya kuungua na michirizi unaisikia kwa ukucha. Na gari haikuwahi hata kufikia nusu ya torki ambayo ile klachi inaweza.

Ndo maana material ya pleti ni ya kufikiria sana. Oganiki ni laini, inashika taratibu, ya mjini kabisa, ila haipendi joto, ukiondoka kwa kasi mara nyingi mfululizo utasikia harufu na inaanza kuteleza. Kevla inadumu na bado ni laini, lakini ukiiunguza uso wake unakuwa laini unang'aa kama kioo na hapo kurudi kwenye hali yake ni shida. Seramiki na zile za chuma zinavumilia joto kali, kazi yake ni mashindano, kwa sababu zinashika ghafla na zinakula flaiwili. Vipande vitatu vina hasira kuliko sita. Kwa gari ya barabarani tafuta yenye springi katikati, zile springi zinameza mshtuko ambao vinginevyo unaishia kwenye meno ya gia boksi.

Njia nyingine ni presha pleti (ile inayoibana pleti kwenye flaiwili) ya kubana zaidi na oganiki yako ileile. Kwa torki iliyoongezeka wastani mimi ndo napenda hii, gari inabaki ya kistaarabu. Bei yake unailipa kwa mguu, pedeli inakuwa nzito, masta silinda (pampu ya pedeli ya klachi) iliyochoka itaanza kuvuja, na kila ukikanyaga unaisukuma krenki kwa mbele, kwa hiyo acha tabia ya kusubiri foleni umekanyaga klachi, weka nyutro. Torki ikiwa kubwa mno ndo unahamia pleti mbili, nyuso za kusuguana zinaongezeka so unapata nguvu bila kukaza presha kupita kiasi. Ghali, na nyingi zina kelele ukikanyaga, lakini mguu unashukuru.

Flaiwili nayo usiisahau. Magari mengi ya siku hizi yana ile ya vipande viwili yenye springi ndani, na pleti yake mara nyingi haina springi. Ukibadilisha ukaweka ya kipande kimoja basi na pleti lazima iwe ya springi, na utasikia gia boksi inagongagonga gari ikiwa sailensa (injini inawaka bila kukanyagwa mafuta), ni kawaida. Nyepesi sana inafanya RPM zipande haraka lakini kuondoka kwenye mataa inazimika ovyo usipoizoea.

Gia boksi ikishashuka badilisha na rilizi beringi (inayosukuma presha pleti ukikanyaga pedeli) na ile beringi ndogo ya kwenye krenki, maana kushusha tena kwa kaberingi kamoja kunauma. Futa flaiwili mpya mafuta ya kuzuia kutu, angalia upande wa pleti ulioandikwa flaiwili, kaza bolti za presha kwa msalaba kidogokidogo. Halafu usiikimbize, watengenezaji wengi wanataka kama kilomita 800 za mjini za kubadili gia mara kwa mara. Na hizo za haiwei unazotaka kujumlisha uzimalize haraka hazihesabiki, klachi ikiwa imeshika moja kwa moja hakuna kinachosuguana.