Kukadiria Uwezo wa Mwanafunzi kwa Modeli ya Rasch

Alama 12 kati ya 20 hazielezi uwezo wa mwanafunzi mpaka ijulikane maswali yalikuwa magumu kiasi gani. Mwaka 1960 mwanahisabati wa Denmark, Georg Rasch, alichapisha modeli inayoweka uwezo wa mtahiniwa na ugumu wa swali kwenye mizani moja, ambayo kipimo chake huitwa lojiti, na tofauti baina ya viwili hivyo ndiyo inayoamua uwezekano wa kupata jibu. Vikilingana, uwezekano ni 0.50; uwezo ukizidi kwa lojiti moja ni 0.73, na kwa mbili ni 0.88, ukipungua kwa moja ni 0.27, na kwa mbili ni 0.12.

Anza na ugumu. Swali walilolipata asilimia 73 ya watahiniwa lipe takriban -1, walilolipata nusu lipe 0, na walilolipata asilimia 27 lipe 1. Haya ni makadirio ya kuanzia tu. Programu ya takwimu itayarekebisha.

Sasa mchukue mwanafunzi aliyepata maswali mawili ya kwanza kati ya hayo matatu na kukosa la mwisho. Kabla ya kutazama majibu yake, chukulia kwamba robo ya darasa wana uwezo wa -1, nusu wana 0, na robo wana 1. Kwa kila ngazi, zidisha uwezekano wa majibu yake yote, ukikumbuka kwamba uwezekano wa kukosa ni 1 ukitoa ule wa kupata: kwa ngazi ya 0 ni 0.73 × 0.50 × 0.73, yaani 0.27. Ngazi ya -1 hutoa 0.12, na ya 1 hutoa 0.32. Zidisha kila moja kwa sehemu yake ya darasa, kisha gawanya kwa jumla, utapata 0.12, 0.55 na 0.33.

Wengi huandika “uwezo ni 0” na kuitupa ile 0.33, ilhali theluthi nzima si ya kutupwa. Maswali matatu hayatoshi kumtenganisha mwanafunzi wa wastani na hodari.

Tahadhari na maswali ya kuchagua. Modeli humpa mwanafunzi wa -1 uwezekano wa 0.12 kwenye swali gumu, lakini anayebahatisha kati ya herufi nne ana 0.25. Hapo tumia 0.25 + 0.75 × 0.12, yaani 0.34.

Mwisho, kwa Rasch, waliofanya mtihani mmoja na kupata jumla sawa hukadiriwa sawa, hata kama mmoja amekosa mepesi na kupata magumu. Karatasi ya huyo isahihishwe upya kwanza.