Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kununua Nissan X-Trail T31 Ukiwa Dodoma

Familia nyingi zilizohamia Dodoma tangu Serikali ilipoanza kuhamishia shughuli zake huku mwaka 2016 hutafuta gari moja litakalopeleka watoto shule siku za kazi, na wakati wa likizo liweze kufika Kondoa, Mpwapwa au Iringa bila kuogopa makorongo. Nissan X-Trail ya kizazi cha pili, yaani T31 iliyoanza kuuzwa mwaka 2007, hutajwa mapema katika mazungumzo hayo, kwa kuwa imenyanyuka takriban sentimita 20 kutoka ardhini, buti lake lina nafasi kubwa, na bei yake kwa kawaida huwa chini ya ile ya RAV4 ya rika lake. Unafuu huo una sababu, na sehemu kubwa ya sababu yenyewe iko kwenye gia boksi.

T31 nyingi zinazoletwa kutoka Japani zina injini ya petroli ya lita 2.0, MR20DE, pamoja na gia boksi ya CVT. Hii haina gia zinazobadilishana kama otomatiki ya kawaida. Ndani yake mna mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili zinazopanuka na kujibana kwa shinikizo la mafuta. Mafuta hayo yakipungua au yakiungua, mkanda huanza kuteleza na kuzikwangua puli, na hapo matengenezo madogo hayasaidii tena. Kinachoyachosha mafuta haraka ni joto, na gari lililojaa watu na mizigo likipanda mlima mrefu kama Nyang'oro katika barabara ya Iringa, mfumo ukizidiwa hupunguza nguvu wenyewe ili kujilinda, dereva akakanyaga mafuta na gari lisiitikie.

Kwa hiyo usikubali kulijaribu gari kwa kuzunguka yadi wakati wa asubuhi. Sehemu kubwa ya mji ni tambarare, na gia boksi mbovu inaweza kujificha humo kwa siku nyingi. Omba uliendeshe kwa nusu saa au zaidi mchana wa jua kali, kisha ulipandishe vilima vya Chuo Kikuu cha Dodoma mkiwa watu wanne au watano ndani. Angalia kama mshale wa mizunguko ya injini unapanda ilhali mwendo hauongezeki, kama gari linatetemeka linapoondoka, kama kuna mvumo unaokua kadiri unavyokimbia, na kama linachelewa kushika unapotoka D kwenda R. Dalili moja kati ya hizo, gari likiwa limepata joto, kwangu inatosha kuahirisha malipo hadi litakapopimwa kwa mashine.

Muulize muuzaji ni mafuta gani yaliyowekwa kwenye gia boksi. CVT ya T31 hutumia NS-2, na fundi atakayekuambia kwamba ATF yoyote, yaani mafuta ya otomatiki ya kawaida, inafaa, mshukuru na uondoke. Ukishalinunua, yabadilishe hata kama umeapiwa kwamba ni mapya, na uagize sampu, yaani bakuli la mafuta lililo chini ya gia boksi, ifunguliwe: utando laini wa kijivu kwenye sumaku zake ni wa kawaida, lakini vipande vya chuma vinavyong'aa si vya kawaida hata kidogo. Baada ya hapo, kuyabadilisha kila kilomita 40,000 si anasa kwa joto na vumbi la huku.

Mafuta hayo hupozwa kwa maji ya injini, hivyo rejeta ni sehemu ya gia boksi kwa maana halisi. Hakikisha ndani yake mna kipozeo halisi (coolant), si maji ya bomba. Maji ya Dodoma, ambayo kwa sehemu kubwa hutoka visima vya Mzakwe, huacha utando mweupe hata kwenye birika. Kagua pia kama mapezi ya rejeta hayajazibwa na vumbi na mbegu za nyasi, na kama feni zinazunguka kiyoyozi kinapowashwa.

Si kila T31 husukumwa na magurudumu yote. Soma namba ya chasisi kwenye kadi: inayoanza na NT31 ni ya magurudumu manne, inayoanza na T31 peke yake ni ya mbele tu. Yenye magurudumu manne ina swichi ya 2WD, AUTO na LOCK, na hiyo LOCK ni ya kujinasua polepole kwenye tope, si ya kulifanya gari kuwa Land Cruiser katika mbuga za Bahi mwezi Februari. Tairi zote nne ziwe za saizi moja na zilizolika kwa kiasi kinachokaribiana, vinginevyo mfumo hulazimika kufanya kazi hata kwenye lami kavu.

Bushi za mbele, shokapu na beringi za magurudumu huchoka mapema kwenye barabara za vumbi, lakini spea zake zinapatikana na fundi yeyote mzoefu huzibadilisha. Kwa gari lenye paa la kioo, mwaga kikombe cha maji kwenye kona ya fremu yake ukiwa bado mnunuzi: yakitokea chini ya gari, mifereji iko wazi, yakidondokea miguuni mwa abiria, vumbi limeiziba, na mvua za Desemba zitaloanisha zulia na nyaya zilizo chini yake.

Geji ya mafuta nayo katika toleo hili inajulikana kwa kudanganya, kwa sababu kipimo kilicho ndani ya tangi huchakaa. Mpaka utakapokibadilisha, jaza tangi kabla ya kuondoka, rudisha kihesabu cha safari kwenye sifuri, na uhesabu kwa kilomita.